Nani Atapokea Miraa

Jumatatu, 3 Machi

Uji tayari. Vidonge viwili kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mwenda amemeza, akafungua mdomo, akainua ulimi nione, kabla sijamwomba. Kaka yangu mkubwa ananionyesha ulimi kama mtoto wa chekechea na sote wawili tunajifanya ni jambo la kawaida. Sasa limekuwa la kawaida kweli.

Mikono inamtetemeka. Uji umemwagika kidogo. Ni dawa hiyo, si ugonjwa, lakini watu hawajui tofauti. Wakimwona barabarani wanadhani amerudia muguka, ile miraa ya majani ya Embu. Hajarudia. Tangu mwaka juzi hajatia mdomoni muguka wala bangi. Siku hizi ni njugu kutwa kucha. Taya limezoea kazi, anasema, ukilinyima litajitafutia.

Leo nimemuuliza swali lililokuwa likiniwasha. Hizo sauti zinaongea lugha gani? Alifikiri. "Kiembu," akasema. "Na hazina heshima." Mimi nilidhani Kimeru, lugha ya mama. Lakini aliugua akisoma chuo Embu, kwenye chumba cha kupanga, na sauti zimebaki na lugha ya majirani wa huko. Moja inamtangaza kama mechi ya mpira: sasa Mwenda anashika kikombe, sasa Mwenda anakunywa. Nikauliza kama inatangaza vizuri. Tumecheka mpaka nikachelewa kufungua duka.

Jumatano, 5 Machi

Njeru ameleta chakula cha kuku dukani. Mimi nauza dawa za mifugo, yeye anatusambazia vyakula, ndivyo tulivyojuana. Leo alikuja na habari pia. Baba yake amekubali. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili watatoka Kianjokoma, Embu, kuja kubisha hodi kwetu, kuniposa. Nimefurahi hadi nikampimia mteja dawa ya minyoo mara mbili.

Furaha imekaa mpaka saa ya kufunga. Nikiolewa naenda Embu. Mwenda atabaki na nani? Tangu Mama afuate Baba kaburini tuko wawili tu kwenye nyumba yao hapa Kaaga, Meru. Mwenda ameapa hakanyagi Embu tena. Njeru anasema tutapata jibu. Wanaume wanapenda sana maneno hayo.

Alhamisi, 6 Machi

Baba Mdogo Kirimi amekuja kupanga mambo. Ni mzee wa kanisa, hukemea miraa kila akipewa kipaza sauti. Lakini kwa ndoa hataki kusikia soda na mkate kama familia nyingine za kanisani. Lazima ncoolo: kitita cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, kama walivyofanya wazee. Wageni wanakileta, mwenye nyumba anakipokea, ndipo mazungumzo yanaanza. Baba hayupo, kwa hiyo apokee kifungua mimba.

Kifungua mimba ni Mwenda.

"Huyo mpeleke kwa shangazi yake hiyo siku," akasema. "Mimi nitapokea. Wageni wakiona hiyo mikono watasema hii ukoo iko na wazimu."

Mwenda alikuwa palepale anamenya njugu. Hakuinua kichwa. Nimekasirika. Chai ya Baba Mdogo sikuiongeza.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimemuuliza Mwenda anataka nini. Ajabu, hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi.

Anataka kuwepo. Anaogopa harufu.

Nikataka kujua harufu inafanya nini hasa. Anasema si utamu wa muguka anaoukumbuka. Ni majani mabichi ndani ya karatasi. Harufu inaleta kile chumba, chumba kinaleta wale marafiki, marafiki wanaleta mtangazaji. Kimoja kinavuta kingine kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Nikamuuliza je, kamba haikatiki? "Wewe Kendi, maswali yako yamepita ya daktari."

Jumanne, 11 Machi

Siku ya sindano ya Mwenda ya kila mwezi. Nilimvuta muuguzi pembeni. Anasema kukaa na watu wanaotafuna si kutafuna. Kinachomtisha yeye ni kukosa usingizi na mshtuko. Nisimfiche, nisimwache peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Tumefanya majaribio. Wazo la Mwenda. Tulipita soko la miraa, taratibu, kama watu wanaotafuta bei. Wauzaji wakamwita "mkubwa" kutoka kila upande. Alisimama katikati, mikono mfukoni, jasho likimtoka na hakukuwa na jua. Hakununua. Nyumbani akamaliza pakiti nzima ya njugu.

Nikauliza kama mtangazaji alikuwepo. "Leo alikuwa na kazi mingi."

Jumatatu, 17 Machi

Nimembishia Baba Mdogo kwenye simu. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Nimesema Mwenda asipokaa kwa kiti cha Baba, wageni wasije. Akaguna. Kisha: sawa, lakini akiharibu ni juu yangu.

Nimemuuliza Njeru kama baba yake anajua kuhusu Mwenda. Eti amemwambia "hajisikii vizuri". Nimemwambia hiyo ni ya mafua.

Ijumaa, 21 Machi

Mwenda hajalala tangu juzi. Anapiga pasi shati lilelile. Nina hofu sana. Kesho ikienda vibaya nitapoteza kaka na mchumba siku moja.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike kabla sijasahau mpangilio wake.

Wageni walifika mapema. Mwenda kwenye kiti cha Baba, shati jeupe, mikono ameikalia. Mimi jikoni na wanawake, jicho kwenye ufa wa mlango. Maombi yakafanywa, chai ikanywewa. Kisha Mzee Nyaga, baba yake Njeru, akasimama akatoa mfuko wa kaki.

Muguka.

Mzee wa watu alikuwa ameambiwa Wameru wanataka miraa. Akafikiri atuheshimu zaidi kwa kutuletea ya kwao Embu, iliyo bora, majani matupu, bila jani la mgomba, bila kamba. Kwao ni heshima. Kwetu ni kama kuombwa ng'ombe ukaleta kwato. Alikuwa anatabasamu.

Baba Mdogo akafungua, akachungulia, akausukuma mfuko katikati ya meza. "Hii sisi tunapatia mbuzi." Akasema hawezi kupokea. Warudi kwao, waulize, waje siku nyingine wakijua. Njeru akainamisha kichwa. Tabasamu la mzee likabaki usoni peke yake, halina kazi.

Nikawa nawaza jambo moja tu. Nilimwandaa Mwenda kwa miraa. Kwa muguka sikumwandaa. Harufu ileile ya kile chumba, karatasi ileile.

Mwenda akasimama. Akauchukua mfuko kwa mikono miwili. Karatasi ikalia kwa sababu ya kutetemeka, na nyumba nzima ilisikia. Akauinua hadi puani. Akaanza kwa Kiembu, kisha kwa Kiswahili ili wote tusikie.

"Mzee, hii naijua. Imechumwa jana jioni, bado ni laini. Ndio ilinifanya nilazwe huko kwenu. Mimi ni mgonjwa wa akili, nadungwa sindano kila mwezi. Hii siwezi kutafuna. Lakini Baba hayuko, na mimi ndio mkubwa wa hii nyumba. Nimepokea."

Kwetu, ncoolo ikishapokelewa na mwenye haki ya kupokea, hairudishwi. Baba Mdogo anajua hilo kuliko sisi sote, ndiye aliyetufundisha.

Mzee Nyaga akazunguka meza, akaushika mkono wa Mwenda kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia haraka. "Pole sana, kijana yangu. Na asante."

Mwenda akaweka mfuko mezani, akatoka nje, akatapika kwenye migomba. Niliacha vyungu nikamfuata. Mazungumzo mengine yote yaliendelea bila mimi. Naambiwa yalikwenda vizuri, na kwamba mzee wa kanisa alitafuna muguka kuliko wageni.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi mfuko haukuwa mezani. Jana ulibaki nusu.

Nilimshuku. Alipoingia kuoga nikapekua koti lake. Akanikuta mkono ukiwa mfukoni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akaitoa mifuko yote nje, ya koti na ya suruali. Njugu. Leso. Funguo. "Nimetupa kwa choo," akasema. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Kisha akakaa kitandani. "Kendi, huyo mtangazaji hajanyamaza tangu jana. Anasema nimekuuza. Tusingoje tarehe ya sindano. Twende kliniki kesho."

Miaka yote hii, kumpeleka kliniki akiwa hivyo imekuwa kazi ya Baba Mdogo na majirani wawili, na nguo kuraruka. Leo ameomba mwenyewe. Nimemkumbatia. Alikuwa ananuka sabuni.

Jumatatu, 24 Machi

Kliniki. Daktari ameongeza dawa. Mwenda amelala tangu mchana. Nilikuwa na maswali kumi, sikuuliza hata moja.

Njeru amepiga simu. Wazee wake wanataka mwezi wa harusi. Nimemwambia sijui. Sijui kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwenda amekwenda kliniki peke yake. Nilitaka kufunga duka nimfuate kwa mbali. Sikufanya hivyo. Nilipanga rafu ya dawa za kupe, nikaipangua, nikaipanga tena. Alirudi mchana akilalamikia foleni, na benchi, na mama mmoja aliyemwombea dua bila kumuuliza. Nikauliza habari za mtangazaji. Yupo, anasema, lakini mbali, kama redio ya jirani.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imeshika. Tumepanda viazi nyuma ya nyumba. Mimi nachimba, Mwenda anaweka mbegu. Mkono ukitetemeka mbegu inaangukia nje ya shimo. Anainama, anaiokota, anairudisha. Hatukuwa na haraka.

Njeru akapiga tena, swali lilelile. Nikafunika simu kwa kiganja. Nikamwambia Mwenda kwamba Njeru anauliza mwezi wa harusi.

Akatazama mistari tuliyokwisha kufukia.

"Agosti," akasema. "Hivi viazi vitakuwa vimetoka. Wageni watakula nini kama si viazi?"

Nikamuuliza yeye atabaki na nani.

"Na nyumba. Kliniki naijua njia. Wewe chimba."

Nimemwambia Njeru Agosti. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mwenda alikuwa amefika mwisho wa mstari, ndoo ya mbegu mkononi, ananingoja.