Tisini na Tano Katika Kila Mia

Carapeguá, 14 Novemba

Mpendwa dada Zunilda,

Nisamehe. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, sasa Krismasi inabisha hodi, nami ndiyo kwanza nakujibu. Nilianza mara tatu. Ya kwanza Tobías aliitapikia, ya pili nikalala juu yake, ya tatu niliogopa, kama utakavyoona. Ningekupigia simu, lakini kwa simu ungenikatiza katikati ukaanza kunitetea, na katika jambo hili sitaki kutetewa.

Natumaini hujambo, mgongo umepoa, na yule bibi unayemtunza huko Buenos Aires ameacha kukuita kwa jina la marehemu bintiye. Sisi tu wazima. Mama anakusalimu sana. Joto la mwaka huu linamsonga kifua, lakini bado anagombana na kuku kila asubuhi. Tobías ameota meno mawili na ameyajaribu yote mawili kwangu.

Mwezi wa nane nilipata kibarua kwa don Wilfrido, yule mwenye ofisi ya kukusanya maoni ya watu. Tulikuwa wanawake wanne, kila mmoja na mtaa wake na fomu arobaini. Swali kubwa lilikuwa moja: je, mtoto wako amewahi kudhuriwa na kitu alichokiona mtandaoni? Agizo nalo lilikuwa moja: nyumba kwa nyumba, kila mama aulizwe akiwa peke yake.

Fomu hizo zilikuwa za ile sheria ambayo bila shaka habari zake zimekufikia huko. Seneta wa mkoa wetu anataka ofisi moja ya mji mkuu ipewe uwezo wa kufunga ukurasa wowote wa mtandao, bila kupita kwa hakimu, ili watoto walindwe. Ukilisikia hivyo, ni jambo jema. Mimi pia ni mama. Lakini orodha ya kwanza ya kurasa za kufungwa ilipotoka, nikauona humo ukurasa wa nesi Nimia, eti unaonyesha matiti. Wewe unajua Tobías alivyokataa kunyonya wiki ya kwanza, akabaki ngozi na macho. Zile picha za Nimia ndizo zilizonionyesha namna ya kumshika. Wako akina mama huko mashambani wasio na nesi mwingine ila huo ukurasa, na sheria ikipita, siku hiyohiyo unazimwa.

Basi redioni ikawa ni takwimu kutwa. Seneta akasema watoto tisini na tano katika kila mia wa nchi hii wamedhuriwa. Yule wa upinzani akajibu kwamba wananchi themanini na wanane katika kila mia wanaikataa sheria. Mtangazaji akamwuliza waliulizwa wapi, akasema kwenye ukurasa wa chama chao. Mama alikuwa anakanda unga wa mkate wa chipa. Hata kichwa hakuinua, akasema huyo amehesabu waumini ndani ya kanisa. Nikacheka. Kisha kicheko kikaniishia, maana nilijua ile hesabu nyingine ilitoka wapi.

Dada, hao tisini na tano ni wangu.

Wiki ile ya fomu Tobías alikuwa na homa, jua lilikuwa la kuchoma, na nyumba arobaini zilinishinda hata kuziwaza. Nikaenda zangu uani kwa bibi yetu wa mtaa, Ña Eulogia, pale akina mama wanapokutana asubuhi kupokezana kikombe cha terere baridi, nikauliza duara zima kwa pamoja. Siku tatu, fomu zikajaa. Nilimtanguliza Ña Eulogia kwa heshima, kwa kuwa jagi ni lake na yeye ndiye mmiminaji. Akaeleza jinsi mjukuu wake Liz, mwenye miaka tisa, alivyotumiwa video ya mtu anayeuawa, na tangu hapo mtoto halali vizuri. Alilia, dada, huku anamimina. Siku zote tatu alieleza, na siku zote tatu alilia.

Sasa wewe unatujua. Kikombe kimoja, mrija mmoja, unapokea maji mkononi mwa mtu anayelia, halafu useme wangu mimi hajambo? Kila aliyefikiwa na kikombe akasema hata wangu, hata wangu. Ña Petrona naye akasema hata wake, na mwanawe wa mwisho ana miaka thelathini na mmoja, anaendesha lori. Nami nikaandika ndiyo. Wawili tu ndio waliosema hapana, na hao walichelewa wakakuta jagi limekauka.

Thelathini na wanane kati ya arobaini. Fomu za wenzangu zilijaa hapana na sijui, don Wilfrido akaziweka pembeni. Zangu alizisifu, akasema hizi zinasema kitu. Nikafurahi, dada. Hilo ndilo linaloniuma kuliko homa na jua.

Jumamosi iliyopita seneta alikuja kuhutubia kwenye ukumbi wa shule, akiandamana na tume ya bunge inayoipima sheria. Aliposema tisini na tano nikasimama, Tobías begani.

“Mheshimiwa, hao si watoto wa nchi. Ni wanawake arobaini wa mtaa wangu, na niliwauliza kwenye terere.”

Akatabasamu, akaniambia mama umechoka, kaa umnyonyeshe mtoto. Nikamwambia nimechoka kweli, na mtoto nitamnyonyesha, lakini hesabu ni ileile. Hapo Ña Petrona akainuka na fimbo yake. “Mimi nilisema ndiyo. Mwanangu ana lori, mheshimiwa. Kama kuna kinachomdhuru ni mkewe.” Ukumbi ulicheka mpaka watu wa tume wakaziba midomo kwa karatasi.

Ña Eulogia hakucheka. Alitoka nje, nikamfuata hadi langoni. Aliniambia maneno haya tu: “Machozi yangu yalikuwa ya mtoto mmoja, Mirna. Wewe ukayazidisha mara arobaini, sasa hata lile moja wanalicheka.”

Sheria ile bado naipinga. Lakini Liz aliumia kweli, na mimi ndiye niliyemficha nyuma ya akina mama thelathini na saba wenye adabu.

Don Wilfrido amenifukuza, ana haki yake. Tume imeahirisha kura hadi katikati ya Desemba, na imesema itapokea hesabu yoyote iliyofuata utaratibu. Wenzangu watatu wamekubali kurudia mitaa yao bila malipo, nami narudia wangu. Safari hii ni nyumba kwa nyumba, mlango umefungwa, mama mmoja na mimi. Jibu lolote nitakalopewa nitaliandika, hata likimfaa seneta. Nimebisha kwa Ña Eulogia mara mbili, hajafungua. Kesho nitabisha tena.

Mama anakuombea, Tobías anakutumia busu lenye mate, nami nakukumbuka kila ninapoosha nywele. Usinionee huruma. Nisaidie tu, mpe dereva wa basi la Jumamosi vitu nilivyoorodhesha hapo chini.

Mdogo wako akupendaye,
Mirna

Vitu ninavyohitaji bado: viatu vya kutembelea namba thelathini na saba, vya bapa, soli nene, visiwe vya kupendeza. Mbeleko imara, maana Tobías amekuwa mzito. Kofia pana moja. Kalamu kumi na mbili za wino mweusi. Dawa ya homa ya watoto, ile ya matone, chupa mbili. Na taa moja ndogo ya kuchomeka ukutani, yenye mwanga hafifu, ya chumba cha mtoto wa kike wa miaka tisa.