Miezi Iliyotekwa na Jupita

Jumatatu, 1 Februari 1954
Maji ya maporomoko yamepungua tena. Vijana wa ukoo wanakata miti ya kuning'inizia migono, vikapu vyetu vya kuvulia. Mgongo unauma. Nimesoma gazeti la Kifaransa kuhusu miezi ya Jupita. Minne ni mikubwa. Ile ya mbali kabisa ni midogo, njia zake zimeinama, na mingine huzunguka kinyume cha wenzake. Wataalamu wanadhani haikuzaliwa pale. Ilikuwa inapita, sayari ikaiteka kwa uzito wake. Nimefurahi sana.

Jumatano, 3 Februari
Rashidi, mume wa binti yangu Agata, mgeni aliyetoka Maniema, ameomba kusimamisha mti wake kwenye mwamba wetu. Kwetu Wagenia, mwenye mti majini ana mahali pa kuvua, na watoto wake baada yake. Agata ana mimba. Kaka yangu Boliko, mkubwa wa ukoo, hataki. "Mutu ya Maniema! Hata kuogelea hajue!" Watu walicheka. Rashidi naye alicheka. Sikupenda kicheko chake. Kikao cha ukoo cha kuamua ni Jumamosi.

Ijumaa, 5 Februari
Hofu. Maji yakirudi, hakuna mti utakaosimamishwa hadi mwakani. Nitamsemea Rashidi kikaoni. Nitaeleza taratibu, kama darasani.

Jumamosi, 6 Februari
Nimeharibu. Nilichora duara mchangani, nikaeleza: miezi ile ilitoka nje, inakwenda kinyume, lakini huhesabiwa kuwa ya Jupita. Nilidhani nimeshinda. Boliko akapiga makofi. "Bon, mwalimu! Donc huyu tulimukamata, na anatembea kinyumenyume!" Wakacheka hadi machozi. Rashidi akasimama. "Papa, mimi sikukamatwa. Nilikuya na miguu yangu, nikapenda mutoto yako." Akaondoka. Nilibaki na kijiti mkononi. Ingetosha kusema: huyu ni mwanangu. Sikusema.

Jumapili, 7 Februari
Agata hakuja kanisani. Nimewakuta wanafunga mizigo. Rafiki alikuwa amemwita Rashidi akafanye kazi kwenye mashamba ya Yangambi. Alikuwa akikataa kwa ajili ya mwamba wetu. Nikamwambia yeye ni mwanangu. Alinisikiliza kwa adabu. "Aksanti, papa. Ungesema mbele yao."
Kweli.

Jumatano, 10 Februari
Meli imeondoka asubuhi. Agata alipunga mkono. Baadaye Rashidi naye.
Kutoka bandarini nilikwenda moja kwa moja kwenye maporomoko. Wote walikuwa kazini, wakisimamisha miti. Nikasema kwamba Rashidi ni mwanangu. Sikueleza chochote. Hakuna aliyecheka. Boliko alinitazama, kisha akanipa ncha ya kamba. Nikaishika, akafunga mti.