Kaburi la Mgomba na Picha ya Ziwa Togo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Muleba
Tarehe: 27/05/2025, saa 4:20 asubuhi
Jina: Esther Kokuberwa Mwijage
Umri: miaka 31
Kabila: Mhaya. Dini: Mkristo, Katoliki
Kazi: mhudumu wa steshenari
Makazi: Kagondo, Manispaa ya Bukoba
Kuhusu: malalamiko ya kufukuliwa kwa kaburi, Kamachumu

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Koplo Edvina amenieleza kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Mama yangu, Kokubanza, ameketi nje kwenye benchi. Naomba asiyasikie haya kabla sijamaliza, kwa sababu kuna jambo moja bado sijamwambia.

Kaburi linalolalamikiwa ni la mdogo wangu, Damian. Alikuwa mvuvi wa dagaa kisiwani Goziba, Ziwa Victoria. Mnamo Machi 2021 boti yao ilipinduliwa na upepo. Wenzake wawili waliopolewa wakiwa wamekufa, yeye hakupatikana. Tulingoja mwezi mzima. Mwishowe baba yetu mdogo, Ta Kahangwa, alisema nyumba haiwezi kukaa na msiba usio na mwisho. Wakakata mgomba, wakauvika shuka, tukauzika kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mama hakulia siku ile. Alisema ndizi haililiwi, inapikwa. Watu walidhani amechanganyikiwa, lakini mimi namjua, alikuwa amekasirika.

Damian alikuwa na kawaida ya kunipigia simu kila Jumamosi alasiri. Kule kambini mtandao haushiki, mpaka apande kwenye jiwe moja lililo juu. Hakuwa na la maana la kusema. Ataniuliza tumepika nini, nitamwambia, atasema tumbo limemuuma kwa hamu, basi. Baada ya msiba Jumamosi zilinishinda. Nilikuwa naweka simu mezani naitazama, na najua kabisa haitalia.

Mwaka 2023 mwalimu mmoja wa sekondari anayeitwa Privatus alikuja kutoa kopi pale ninapofanya kazi. Akanieleza kwamba wana kikundi cha kujitolea kinachokutana kata ya Bakoba, hapo hapo mjini, kila Jumamosi alasiri, wanaandika makala za Kiswahili kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Niliposikia Jumamosi alasiri, sikuuliza mengine.

Afande ameniuliza kwa nini tunaandika habari za Togo wakati sisi ni watu wa Kagera. Ni makubaliano. Kuna wenzetu mjini Lomé wanaoandika kuhusu Kagera kwa Kifaransa, na sisi tunaandika kuhusu Togo kwa Kiswahili. Tulipoanza, makala nyingi za nchi ile kwa lugha yetu zilikuwa na mistari miwili: jina la mji na mahali ulipo. Tumegawana miji, mito, maziwa na vyakula. Hakuna anayetulipa. Ta Kahangwa hunicheka, anasema napalilia kibanja cha jirani na cha kwetu kimeota magugu. Lakini mimi Togo naijua sasa kuliko ninavyoijua Mwanza, na sijafika kokote.

Mnamo tarehe 10/05/2025, siku ya Jumamosi, Privatus alikamilisha makala ya Ziwa Togo, akaniomba niisome kabla ya wengine. Juu kabisa aliweka picha ya wanaume watatu wameketi mchangani wanashona nyavu. Chini yake aliandika: "Wavuvi wa Ziwa Togo." Yule wa katikati alikuwa Damian. Alikuwa ameuma uzi kwa meno, na kichwa amekiinamisha upande wa kushoto. Alikuwa akiuma uzi namna hiyo tangu utotoni, mama akimkemea kwamba meno yatamwisha. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Niliporudi ndani nilimuuliza Privatus picha ameitoa wapi. Akasema, "Si zile za wenzetu wa Lomé? Walituma nyingi." Sikumwambia kwa nini nauliza. Niliogopa atanipinga.

Siku iliyofuata, baada ya misa, nilipanda gari kwenda Kamachumu nikamwonyesha mama. Aliishika simu kwa mikono miwili. Aliniuliza, "Ziwa hilo linaungana na letu?" Nikamwambia haliungani, ni mbali sana, upande wa pili wa Afrika. Akasema, "Basi alipanda gari." Afande, naomba liandikwe hilo kama alivyolisema. Hakuwa anatania. Jioni ile alipika ebitoke, ndizi za kutosha watu wanne, na nyumbani tulikuwa wawili. Na mimi nilikula, nikacheka, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mwaka 2021.

Nilimwandikia mwenzetu wa Lomé anayeitwa Ablavi. Yeye hajui Kiswahili nami sijui Kifaransa, tunatafsiriwa na simu. Nilimtumia picha, nikamweleza kwamba wa katikati ni mdogo wangu na tulishamzika. Alijibu kwamba ataenda ziwani mwenyewe, ila nimpe muda kwa sababu mtoto wake anaumwa. Nilingoja. Kila siku mama alinipigia na kuuliza, "Yule dada amefika?"

Mnamo tarehe 25/05/2025, siku ya Jumapili alfajiri, mama alichukua jembe akafukua kaburi. Sikuwepo, lakini alinipigia mwenyewe asubuhi kunijulisha. Alisema mtu aliye hai hawezi kuachwa huku kaburi linamwita, ndiyo maana harudi. Nilimuuliza amekuta nini. Akasema, "Udongo mweusi tu. Nilikwambia hakuwamo." Ta Kahangwa alipoamka akaona shimo nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake, akaja kulalamika hapa. Simlaumu sana. Yeye ndiye aliyeukata ule mgomba, na ndiye aliyeubeba begani.

Jana, tarehe 26/05/2025, mnamo saa 9 alasiri, Ablavi alinijibu. Alikuwa ameshinda ziwani, ameonyesha picha kwa kila aliyekutana naye, na hakuna aliyemfahamu Damian. Mzee mmoja akamwambia kwamba hata boti iliyo nyuma yao si ya kwao, boti zao hazichongwi hivyo. Kisha Ablavi akaniuliza, kwa upole sana, neno KEMONDO lililoandikwa ubavuni mwa boti ile lina maana gani.

Kemondo ni bandari, hapa hapa kwetu. Kutoka Bukoba ni mwendo mfupi tu kwa gari. Afande ameniuliza ilikuwaje niitazame picha zaidi ya wiki mbili nisilione neno lenye herufi kubwa namna ile. Jibu langu ni kwamba mimi sikutazama boti. Nilimtazama Damian.

Nilikwenda kwa Privatus, tukafungua kabati la picha la kikundi. Lipo mtandaoni, kila mmoja huweka humo picha alizopiga ili mwenzake azitumie. Picha za maziwa yote tumeziweka mahali pamoja, yawe ya huku au ya Togo. Privatus aliona wavuvi na mchanga, akadhani ni za Lomé. Mtu mwingine asingekosea hivyo, ila sisi tumezoea kuishi Togo kila Jumamosi mpaka tumesahau mchanga wetu. Aliposikia Damian ni nani alilia kuliko mimi, ikabidi mimi nimbembeleze, nikamkasirikia kidogo kwa hilo. Aliiondoa picha kwenye makala wakati ule ule.

Aliyeipiga ni Judica Byabato, mwenzetu kikundini, Mlutheri wa Bakoba. Nilimpigia. Alisema alikwenda Goziba na vijana wa usharika wake Februari 2021, mwezi mmoja kabla ya boti kuzama. Hakujua kwamba yule alikuwa ndugu yangu. Nilipomweleza akasema anamkumbuka, kwa kuwa alimsumbua. Alimwambia, "Dada, umenipiga picha na magamba usoni. Ningoje ninawe, unipige nyingine, hiyo nitamtumia mama." Akaenda ziwani, akanawa, akarudi akasimama wima. Judica akampiga picha. Ile ya pili hakuiweka kabatini, kwa sababu kamusi elezo inataka watu wakiwa kazini. Mtu asiyejulikana aliyesimama tu akicheka haina haja naye. Imebaki kwenye kadi ya kamera yake, nyumbani. Ameahidi kuisafisha leo asubuhi na kuileta hapa kituoni.

Hilo ndilo mama hajalijua. Anajua Damian yuko Togo. Njiani kuja hapa ameniuliza kama Togo kuna baridi, maana ana sweta lake.

Afande, mama hakufukua kwa dharau wala kwa kugombea kibanja. Alifukua kwa sababu nilimwambia mtoto wake yu hai, na nilimwambia kwa sababu niliamini. Ukiniuliza leo, kuna sehemu yangu bado inaamini. Asubuhi hii nimefungua makala ya Ziwa Togo. Mahali pa picha ni peupe, na bado nilimtafuta.

Sina la kuongeza. Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo yalivyo.

Sahihi: E. K. Mwijage

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Mimi Koplo Edvina nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, naye ametia sahihi mbele yangu.

Saa 6:10 mchana Judica Byabato alifika kituoni na picha moja iliyosafishwa. Shahidi alimweleza mama yake habari yote kwa Kihaya, nikiwepo, na mlalamikaji Kahangwa akiwepo. Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. Alisema neno moja, nami nalitafsiri: "Amenawa." Kisha akalia kwa sauti, na shahidi anasema ni mara ya kwanza tangu Machi 2021.

Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake. Ameomba wasindikizwe hadi kwenye gari la Kamachumu, na amesema jembe la kufukia atalishika yeye. Mama amekubali kaburi lifukiwe, lakini picha amekataa izikwe humo. Ameondoka nayo mkononi.

Sahihi: Edvina, Koplo