Ile ya Tao na Ile ya Muthangari

Jamhuri, nyuma ya showground
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada Kavutha,

Hoteli zote mbili nimeenda. Ile ya tao nilienda jana nikitoka kazi ya mjengo. Hii ya Muthangari niko nje yake saa hii, nimekalia benchi ya kibanda, naandika. Miguu imeisha.

Lakini kwanza, uko aje huko nchi ya watu? Mgongo ilipoa? Na huyo mtoto mdogo wa madam unayemlea aliwacha kukohoa, ama bado unalala ukiwa umekaa? Sisi tuko tu. Uncle Musili ni goti inamsumbua. Nakuandikia kwa karatasi niipige picha nikutumie, sababu ulisema hiyo simu yako ikiongea nyumba yote inaskia. Na unanijua, kuongea kwa simu inanishinda.

Uliuliza umwambie madam achague hoteli gani mkikuja Nairobi, yenye mama anaweza kukufikia. Urembo sitakuambia, zote ziko nayo.

Ya tao inadanganya. Mlango iko hapo tu kwa barabara, nikadhani mama atashuka gari atembee aingie. Nilisimama ng'ambo nikiangalia watu wa suti mpaka nikajikaza nikavuka. Soja akaniuliza, "Boss, umeleta chakula ya nani?" Nikamwambia ni dadangu atakuja, mama anataka kumuona. Akaniangalia viatu. "Dadako ni mgeni, ama ni yaya wa mgeni?" Nikasema ni yaya. Akasema kuonana na yaya lazima madam mwenyewe ashuke aseme ndio. Na watoto wanachezea huko juu gorofani, yaya hashuki mpaka siku ya airport.

Na huyo madam wako tunamjua. Hata baba akizikwa alikunyima ruhusa.

Mama naye hataki kukuona kwa dirisha. Anataka akushike mikono akutemee mate akubariki, vile alifanyia dada yetu Stellah akiolewa. Wewe agent wa kazi alikuita haraka, ukaenda mama akiwa shamba. Anasema ndio maana huko hukai vizuri. Mimi sijui. Lakini hiyo kitu haitumwi kwa simu.

Sasa hii ya Muthangari. Ukuta mrefu, waya ya stima juu, mbwa kwa geti kubwa. Nikaona hapa ndio hakuna kitu kabisa, nikazunguka nyuma nikitafuta tu mahali ya kukaa. Nikapata kibanda ya Maurine, karibu na geti ya wafanyakazi, nikaagiza chai. Nikakunywa polepole.

Jua ikianza kupoa, yaya wawili wakatoka na hiyo geti, wamebeba watoto wa wageni, wakakuja kukula chapati hapa. Nikauliza Maurine, kwani wanaruhusiwa?

"Wewe kijana ulizaliwa jana?" akanicheka mbele ya watu. "Chakula ya huko ndani inaingia kwa bili ya madam. Si ni hao madam wanawatuma kwangu!"

Nikaskia aibu, lakini nikafurahi kidogo. Soja wa hiyo geti anaitwa Ndambuki, ni mtu wa kwetu, Kitui. Nikamweleza shida yetu, akasema, "Mama akuje mapema akae hapa kwa kibanda kama mteja. Nani hufukuza mteja?"

Kwa hivyo dada, chagua hii ya Muthangari. Mwambie madam huku kuna nyasi ya watoto kuchezea na tao kuna kelele. Si uongo. Ya kibanda nyamaza, ile siku mtafika ataona bei akutume mwenyewe. Kama atakataa, sijui tena. Nimechoka kuwaza.

Uncle Musili, Stellah na mtoto wake Rael wanakusalimia. Rael anauliza kama utamtambua. Mungu akushike huko, akurudishe ukiwa mzima.

Lazima nitoke sasa. Mama amepiga, gari imepita Athi River, na akishuka stage peke yake atapotea. Hajangoja jibu ya mtu. Anasema anataka akalie hii benchi leo, aizoee, ndio siku yako ya kuja asibahatishe. Maurine nimemwambia asiondoe chai yangu, aniwekee nafasi mbili.

Ni mimi ndugu yako, sijawahi wacha kukupenda,
Kitavi