Mama Mkwe Amenifanya Ulimi Wake

Mpendwa Bi. Opal,

Husoma safu yako ya ushauri gazetini kila wiki, na leo ni zamu yangu: naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana fainali ya futiboli ya Kimarekani ni Jumapili ya wiki ijayo na mimi tangu Jumamosi nimekuwa kama mtu aliyekunywa kahawa birika zima, nusu furaha nusu hofu. Naitwa Renae, nimeolewa na Curt Huisman huu mwaka wa tisa, na wewe unalijua jimbo letu hili la Iowa, siku ya fainali ukoo mzima hukusanyika nyumba moja, na kwetu nyumba hiyo ni ya mama mkwe, Mama Arvella, mjane wa miaka sabini na miwili. Tunafika watu ishirini na watatu pamoja na watoto, na ukweli ni kwamba wengi wetu hatuji kwa ajili ya mpira, tunakuja kwa ajili ya visoseji vyake, vile vidogo vya ukubwa wa kidole gumba, vinavyokaa saa nyingi kwenye chungu cha umeme kinachopika polepole, ndani ya mchuzi mtamu wenye pilipili, mpaka vinang'aa, unachoma kimoja kwa kijiti, unasema hiki ndicho cha mwisho, unarudi tena.

Jikoni kwake haingii mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilifunua chungu nichungulie tu, akanipiga kofi dogo mkononi akasema, "Kila ukifunua unaniibia nusu saa ya moto, binti. Nenda kakae na wenzako." Tangu siku hiyo kazi yangu katika ukoo huu imekuwa kuleta sahani za karatasi.

Sasa sikiliza. Mwaka jana visoseji vilikuwa vibaya, Bi. Opal, vibaya kabisa, siki imezidi, chumvi imezidi, pilipili inawasha mpaka masikioni, na hakuna aliyesema neno. Loren, kaka yake Curt, mwanamume wa kilo mia na ishirini, alikula kumi na kimoja huku machozi yanamtoka, akasema, "Mama, mwaka huu umetuweza," na Curt wangu alivifunga vyake kwenye karatasi ya kufutia mikono akavitia mfukoni mwa koti, nikavikuta mimi wakati wa kufua.

Halafu mwezi uliopita simu ikalia, ni Mama Arvella, ambaye hajawahi kunipigia mimi, humpigia Curt.

"Curt yupo?"

"Yuko kazini, Mama."

"Vizuri. Njoo Jumamosi, peke yako, na usimwambie mtu."

Nikajua kuna ugonjwa mkubwa, nikaendesha gari kwenye theluji huku nikisali. Nilipofika nikakuta chungu mezani kinafuka mvuke, na yeye amesimama na kijiko.

"Onja," akasema. "Na useme kweli. Mwaka jana niliziona nyuso zenu. Wanangu wote wawili ni waongo, nimewazaa mwenyewe nawajua. Wewe sikujui bado."

Nikaonja. Alikuwa ametia chumvi mahali pa sukari. Nikasema, "Mama, hii haifai hata kumpa mbwa," kisha nikaogopa maneno yangu mwenyewe, lakini yeye alivuta kiti akakaa akacheka mpaka akavua miwani. Ndipo akaniambia. Mwaka jana mwezi wa kwanza alishikwa na mafua makali, homa ikaondoka na pua yake, na ladha ikaifuata pua, hasikii kahawa, hasikii mkate, hasikii sabuni, kinachobaki ni mwasho wa pilipili tu, na ndiyo maana siku ile ya fainali alizidi kuitia, akingoja asikie kitu. Mwaka mzima hajamwambia mtu hata mmoja.

"Haya," akasema, "vaa aproni."

Bi. Opal, Jumamosi nne nimekwenda, na sijawahi kufurahi namna ile tangu nije kwenye ukoo huu. Amenifundisha yote. Jeli ya zabibu kwanza, iyeyuke peke yake, ndipo sosi ya pilipili, ndipo haradali na sukari ya kahawia na siki kidogo, soseji zinafutwa maji kabla hazijaingia la sivyo mchuzi unakuwa supu, moto wa chini kwa muda wa saa tatu, na nusu saa ya mwisho kifuniko kinatoka ili mchuzi ukaze na kushika. Mikono yake inajua kila kitu, anasikiliza chungu kinavyotokota anajua kimefika wapi. Mimi naonja tu na kusema. "Tamu mno." "Haradali imejificha." Jumamosi ya tatu nilithubutu kusema ningependa kutia pilipili iliyokaushwa kwa moshi, mapishi hayo hayajaguswa tangu mwaka alioolewa, akanitazama juu ya miwani akasema, "Tia. Nani atatukamata?"

Na Jumamosi iliyopita tulivipata sawasawa. Nilipoonja nilikaa chini. Akanishika mkono akasema, "Nieleze." Nikamwambia, kwanza unakuja utamu wa zabibu, Mama, unadhani ni peremende, halafu haradali inaamka pembeni, halafu nyama na chumvi yake, na ukishameza ndipo pilipili inapanda taratibu na ule moshi nyuma yake. Alikuwa amefumba macho. Akasema, "Rudia pale pa haradali," nami nikarudia.

Lakini kuna jambo nimeliruka, na hilo ndilo linalonitesa. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilipofungua mlango wake nilipigwa na harufu ya gesi, nyumba imejaa, kitufe kimoja cha jiko hakikufungwa vizuri, na yeye amekaa palepale mezani anasoma gazeti, akaniuliza mbona nimesimama. Nilifunga jiko, nikafungua madirisha yote, nikamtoa nje na koti lake. Alipoelewa, uso ulimgeuka mweupe kama ukuta. Akasema, "Ukiwaambia, Loren atanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Tangu baba yao afe anatafuta sababu. Apa kwamba hutasema." Nikaapa, Bi. Opal, nikiwa nimesimama kwenye theluji.

Sasa Curt ananiuliza, "Kila Jumamosi unakwenda wapi, na mbona sweta zako zinanuka siki?" nikamwambia najitolea maktaba. Curt, ambaye hata kitabu cha simu hajawahi kukiazima, akasema vizuri sana. Na nikiri na hili la mwisho, maana kwako sina sababu ya kuficha: naogopa nyumba isije ikalipuka, lakini naogopa pia kwamba nikisema, watoto wake watamzingira, na mimi nitarudi kwenye sahani za karatasi. Nishike kiapo au nikivunje?

Renae H.


Renae, mwanangu,

Nilipofika kwenye neno "gesi" niliweka barua chini nikachukua simu. Namba uliiandika, na kwa hilo peke yake nimekusamehe mengi. Niliyokuambia Jumanne ile saa tano asubuhi nayarudia hapa gazetini, kwa sababu najua ziko nyumba nyingine zenye jambo kama hili.

Umenifungia mizigo miwili kwa kamba moja. Tuifungue.

Mzigo wa kwanza ni visoseji. Mama mkwe wako ana mikono, wewe una ulimi, mmepika pamoja. Hiyo ni siri ya jikoni, haimdhuru mtu, na furaha yako usiiombee radhi. Miaka minane ulingoja mlangoni, umeitwa, umeingia. Furahi.

Mzigo wa pili ni mwanamke anayekaa peke yake na jiko la gesi na hana pua. Hiyo si siri, Renae. Ile Jumamosi ungechelewa kidogo kwa sababu ya theluji, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe uliapa kumsaidia kuficha. Kiapo cha kumwacha mtu afe hakimfungi aliyekiapa.

Umekiri kwamba unaogopa kunyang'anywa kijiko. Wengi wangelificha hilo, kwa hiyo nakuheshimu, kisha nakukaripia: mtu anayekupenda kwa sababu tu unamtunzia siri hajakupenda bado. Na huyu, kwa jinsi ulivyonieleza, alikupenda ulipomwambia chakula chake hakifai. Endelea na kazi hiyohiyo.

Curt na Loren nao wapokee yao. Wanaume wazima, mnakula huku machozi yanatoka, mnaficha soseji mifukoni, mnaita hiyo adabu. Mngesema siku ile, mama yenu angeonwa na daktari mwaka mzima uliopita.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, nenda kwake na ufunge gesi nje ya nyumba, pale kwenye mita, na kama hujui, waite wanaojua. Nunua king'ora cha gesi na king'ora cha moshi, uviweke mwenyewe. Usianze kwa Curt. Anza kwa Mama Arvella, mwambie usoni: "Mama, Alhamisi jioni kiapo changu kinakwisha. Una mpaka wakati huo uwaambie wewe mwenyewe, nami nitakaa karibu nawe." Atakasirika. Mwache akasirike, usitoke. Loren akitaja nyumba ya wazee, wewe ndiye shahidi: eleza ulichokiona Jumamosi nne, mwanamke anayejua chungu kwa sikio. Jiko la gesi litoke, la umeme liingie. Daktari wiki hii. Na uongo wa maktaba umalize leo kabla ya kulala: mwambie Curt unapika na mama yake, mengine mama atayasema mwenyewe.

Yakiisha hayo, Jumapili pikeni.

Opal


Bi. Opal mpendwa,

Hii ni wiki ya tatu tangu fainali, na nimeona nikuandikie.

Alikasirika kama ulivyosema. Jumanne alinisikiliza amesimama mlangoni, akasema, "Nilidhani wewe ni tofauti," akafunga. Nilikaa garini mbele ya nyumba mpaka watu wa gesi wakaja na wakaondoka. Jumatano hakupokea simu. Alhamisi saa kumi na mbili jioni akawaita wanawe yeye mwenyewe, nami akaniita, akawaambia yote bila kukaa chini.

Loren akasema, "Basi Mama, huu ndio wakati wa kuifikiria ile nyumba ya wazee."

Nilifungua mdomo niseme, Curt akanitangulia. "Loren," akasema, "mwaka jana tulimdanganya mezani kwake mwenyewe. Hatuna haki ya kuanzia kwenye nyumba ya wazee."

Loren akaliendea jiko la gesi akachungulia nyuma yake. Kisha akauliza jiko la umeme linahitaji waya wa namna gani. Jumamosi alilileta kwa gari lake, akaliingiza mwenyewe, akagonga mlango na kukwaruza rangi, na Mama Arvella akamsema kwa hilo mpaka jioni.

Jumapili visoseji viliisha kabla ya mapumziko ya mechi. Deanne, mke wa Loren, akauliza mbona vina moshi mwaka huu, Mama Arvella akajibu, "Muulize Renae," akaendelea kutazama mpira.

Daktari hakutuahidi kitu. Alisema pua inaweza kurudi na inaweza isirudi, ila inafaa kuizoeza, akampa chupa nne ndogo za kunusa kila asubuhi: limau, waridi, mkalitusi na karafuu. Saa moja hunipigia simu, nami nipo upande wa pili na kahawa yangu, namsikia akifungua vizibo. "Limau, bado. Waridi, bado." Ni siku kumi na tisa sasa, bado juu ya bado, na hunigombeza mimi kana kwamba ndimi niliyezijaza.

Jana alifika kwenye karafuu akanyamaza. Nilidhani simu imekatika, nikaita, "Mama?"

"Ngoja," akasema. Nikamsikia anavuta pumzi, mara moja, mara ya pili.

"Renae. Hapa kuna kitu."