Siku Wavunaji Hawakuimba

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Wamaza tuko wazima. Kikombe cha marehemu nyanya yako bado nakiosha kila asubuhi.

Unauliza kama uache uongozi wa ofisi, kwa kuwa wenzako hawakusikilizi. Ujanani nilichaguliwa kapita, msimamizi wa kikundi chetu cha kuvuna mpunga kwa zamu. Nikaanza na shamba langu. Watu walikuja, lakini hakuna aliyeimba. Mzee Radjabu akasema, "Kapita, kumbe ndege wanakula mupunga wako tu?" Wakacheka, nikaona haya.

Kesho yake niliwatangulia shambani kwa mzee huyo, nikavuna bila kumwamuru mtu. Jua lilipopanda, nikasikia wimbo nyuma yangu.

Usiache, mama. Jumatatu anza na kazi inayomlemea mmoja wao.

Babu yako anayekutegemea