Ua Lililotangulia Mvua

Bunia, Shari
9 Februari 2008

Yaya Lambert, kaka yangu,

Mama alisema jana jioni, mbele yangu na mbele ya jirani Bernadette, kwamba lundi, yaani Jumatatu, anarudi Djugu tulikokimbia vita, kulima shamba la marehemu Baba. Nimelitanguliza hilo nisilifiche nyuma ya salamu ndefu. Sasa nakusalimu. Watu wa Boga hawajambo? Mguu wako umepona? Huku afya iko. Usingizi ndio haupo.

Sababu yake ni ua. Unalikumbuka lile la manjano la kilimani kwetu: likifunguka, mvua iko karibu, na watu wanatia maharagi udongoni. Mwaka jana baba mdogo Baudouin alituletea mche mmoja, nikaupanda nyuma ya jiko. Nilitaka Mama aipende parseli hii, kiwanja chetu cha Bunia, aache kutazama njia ya Djugu. Bernadette alinicheka kila asubuhi: siye Butembo tunanyweshea mashu ya mboga, weye unanyweshea chakula cha mbuzi!

Juzi likafunguka. Mvua bado. Mama akaanza kunoa jembe.

Baudouin, aliyebaki Djugu, anasema amani iko, lakini yeye mwenyewe halali kwake. Jua likishuka anakwenda kulala karibu na kambi ya askari. Anasema pia kwamba shamba lisilolimwa msimu huu litapata mwenyewe mwingine. Yote mawili nayaamini.

Yaya, ua lilidanganywa, na aliyelidanganya ni mimi. Kiangazi chote nililimwagia maji ya kuoshea vyombo. Leo asubuhi nimemweleza Mama, nikidhani ataweka jembe chini. Alicheka mpaka akakaa. Akaniambia: weye mutoto, niko muzee, siko kipofu, hayo maji nilikuwa naona. Alinyamaza makusudi. Akingoja ua la kweli, alisema, woga utakuwa umeshamtafutia sababu ya kubaki. Hili la uongo limemkuta bado ana moyo.

Nilitembea mpaka sokoni, nikarudi bila kununua kitu.

Wasalimie mke wako Séphora na watoto, na mtuombee. Nimeandika mtuombee, si mumwombee, ingawa Mama anadhani namsindikiza mpaka parking ya magari tu. Nafasi nilizoomba garini ni mbili. Gari linaondoka lundi, tarehe 11, saa kumi na mbili asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Falone